Rula ya Mama na Mtihani wa Tano

Jumamosi, saa nne asubuhi, sokoni hapana hata pa kutia sindano, na mwanamke mmoja amepiga magoti katikati ya mteremko wa kupitishia mizigo, kipimapembe mkononi, penseli sikioni. Gauni lake la samawati limejaa vumbi magotini, mtandio umemshuka mabegani, na wala hana habari. Wabeba mizigo walikuwa wanamzunguka huku wakisonya.

"Dada! Dada, sogea! Mzigo huu hauna breki!"

Akainua kichwa. Mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya kijivu alikuwa anashuka ameuwekea mkokoteni mgongo, miguu inateleza, na juu yake limekaa dude la mota ya pampu, zito kama fahali. Mtu mwingine angekimbia. Huyu aliikodolea macho ile mota.

"Hapo hapo! Simama hapo hapo!"

"Nisimame vipi na nimekwambia..."

Hakumaliza. Mota ikateleza kwenye mbao, ikaruka ukingo, ikatua kwenye magunia ya vitunguu. Vitunguu vikatawanyika soko zima.

"Nyuzi kumi na tisa!" mwanamke akasema, macho yanameremeta. "Chuma juu ya mbao huachia kwenye nyuzi kumi na tisa! Ahsante sana, kaka yangu."

Mwanamume akamtazama yeye, akaitazama mota, akamtazama mwenye vitunguu ambaye tayari ameshika kiuno.

"Wewe ni mzima kweli?"

"Mzima. Niko kazini."

"Kazi yako ni kuangusha mota za watu?"

"Kazi yangu ni kutafuta mahali ambapo vitu vinashindwa."

"Basi leo umepata riziki," akasema, na akacheka cheko la mtu asiye na kinyongo. Wakaokota vitunguu pamoja, kimoja kimoja, huku mwenyewe akiwasimamia kama askari. Walipofika kwenye cha mwisho, mwanamume alikuwa ameshaomba namba ya simu. "Ili nikupe taarifa za mgonjwa," akasema, akiipigapiga mota mgongoni.

Ngoja nikueleze kazi ya huyu mwanamke, maana si kazi ya kila mtaa. Kila mwaka wanafunzi wa sekondari hutengeneza vigari vya roboti, vya magurudumu sita, vyenye kamera na mkono wa chuma, kama vile vinavyopelekwa sayari ya Mirihi. Siku ya mashindano huviendesha kwa rimoti ndani ya ukumbi uliomwagwa unga wa matofali na mawe, wao wamekaa nyuma ya pazia, wanaona kupitia kamera tu. Huwa kuna mitihani mitano. Minne hutangazwa mapema: kupanda kilima, kuokota jiwe, kufungua mlango, kurudi nyumbani. Wa tano huwa siri mpaka asubuhi yenyewe, na anayeijua siri hiyo ni mtu mmoja tu, mtunzi wake. Kwa miaka sita mtunzi alikuwa yeye, na ofisini walimwita hivyohivyo, Mtunzi. Wanafunzi walimwita Bi Hakuna-Kurudia, kwa sababu kigari kikianguka na mtoto akaomba nafasi nyingine, jibu lake lilikuwa lilelile: "Mirihi hakuna kurudia."

Na mwanamume? Fundi wa kusuka waya za mota, karakana yake nyuma ya soko. Kwa siku mbili simu zilikuwa za mgonjwa. "Amekunywa mafuta kidogo," "Leo amekohoa mara moja," na Mtunzi anacheka peke yake kwenye korido. Siku ya tatu simu ikaja na mambo mengine.

"Kuna jambo lazima ulijue kabla hatujaenda mbali," Fundi akasema. "Jumatano na Ijumaa jioni nafundisha timu ya shule ya wasichana. Ya vigari vya Mirihi."

Mtunzi akakaa chini, kwenye gunia la kokoto.

Kesho yake akaenda mwenyewe kwa Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akamweleza kila kitu. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. "Kanuni zetu nimezisoma zote," akasema, "hakuna iliyokataza mapenzi. Ila mtihani ukivuja, timu inatoka. Hilo halina mjadala."

Basi wapenzi wakajiwekea sheria yao. Fundi asiseme neno juu ya kigari cha wasichana wake, Mtunzi asiseme neno juu ya mitihani, na daftari lake jeusi halishikwi na mkono mwingine. Waliishika sheria hiyo sawasawa, na sheria yenyewe ndiyo iliyokuja kuwaponza.

Kwa kuwa kazi ilikuwa mwiko, wakawa wanaongea kila kitu kingine. Siku moja mchana Mtunzi alikuwa stoo, anachekecha unga wa matofali, simu ameibana ndani ya mtandio sikioni.

"Unafanya nini, laazizi?"

"Nachekecha."

"Unachekecha nini?"

"Fundi!"

"Haya, haya, sikuuliza. Nikupe habari za Mama basi, hizo hazina kanuni. Unajua tangu macho yamzimike hataki kushikwa mkono na mtu. Leo nimemkuta jikoni, peke yake, ameshachemsha chai. Nikamwuliza, Mama, huogopi kupotea? Akaniambia, mwanangu, ukuta haujanidanganya hata siku moja. Mkono usiache ukuta, utafika tu."

"Mm," Mtunzi akasema, nywele zote nyekundu kwa vumbi, penseli inatembea kwenye daftari.

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Ukuta."

"Hunisikilizi wewe. Mama anataka kukuona."

"Mashindano yakiisha, mpenzi wangu. Nikienda sasa atanikuta nusu mtu nusu tofali."

Wiki ile mtihani wa tano ukapatikana. Ulimjia mzima mzima, na alifurahi hata akajipigia makofi mle stoo. Kigari kingeingia kwenye korongo lenye kuta mbili, na katikati ya korongo waamuzi wangezima kamera, kana kwamba dhoruba ya vumbi imepiga. Kingetakiwa kitoke upande wa pili bila kuona, ndani ya dakika sita. Mtihani mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga. Nani angekisia hilo?

Mwezi uliofuata alipita karakana kumpelekea Fundi chakula cha mchana. Mwenyekiti akampigia simu ya haraka, akatoka mbio, daftari akalisahau juu ya meza ya kazi. Aliporudi baada ya saa nzima, alilikuta limezungushwa utepe mweusi wa umeme mara kumi, kama koili ya mota.

"Nimejifungia mwenyewe," Fundi akasema. "Shetani asinipitie."

Mtunzi akautoa ule utepe kwa meno, wakacheka, na siku hiyo alirudi nyumbani anaimba.

Zikabaki siku tatu. Siku ya ukaguzi wa vigari, timu zote zilipanga mali zao ukumbini. Mtunzi alipita meza baada ya meza, suruali nyeusi, shati jeupe lililonyooshwa, kadi ya kitambulisho shingoni. Kwenye meza ya shule ya wasichana akasimama. Ubavuni mwa kigari, kwenye springi, palifungwa rula ya mbao, kuukuu, tarakimu zake zimefutika kwa kushikwa.

"Rula hii ya nini?"

Nahodha wa timu, msichana ambaye mguu mmoja wa miwani yake ulifungwa kwa waya wa shaba, alijibu kwa fahari. "Ya kupapasia, mwalimu. Kamera ikizimika, kigari kinaburuta rula ukutani mpaka kinatoka."

"Nani kawaambia kamera itazimika?"

"Hakuna, mwalimu. Ila mwalimu wetu anasema kila kinachoona kuna siku kitafumba macho."

Mbele yake Mtunzi aliliona daftari jeusi na ule utepe.

Alimkuta Fundi uani, ananawa mikono bombani. Ovaroli safi, ndevu kazinyoa kwa ajili ya siku hiyo.

"Ulilifungua."

"Nini?"

"Daftari."

Fundi akafunga bomba polepole. "Nililifunga, nikakukabidhi. Wewe mwenyewe ulitoa utepe kwa meno."

"Hata aliyekwisha kusoma anaweza kufunga utepe."

"Sawa. Nimeiba nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Unaniita mwizi, na huwezi kuniambia nimeiba nini?"

"Nikikwambia nitakuwa nimevujisha mimi."

Ingekuwa siku nyingine, wangecheka mpaka wakae chini. Siku hiyo hakucheka mtu.

"Basi niulize," Fundi akasema, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Niulize rula ile imetoka wapi. Swali moja tu."

"Niulize nini na naona? Mwenye macho haambiwi tazama."

"Haya, Bi Hakuna-Kurudia," Fundi akasema. Hakuwahi kumwita hivyo hata kwa utani. Akaondoka, mikono bado inachuruzika maji.

Mwenyekiti alimwuliza mara mbili. "Una hakika? Wale ni watoto wanane, wamefanya kazi mwaka mzima."

"Nina hakika."

Akatia sahihi kwenye barua ya kuitoa timu, kwa wino. Kabla ya saa saba wasichana walikuwa wanakitoa kigari chao ukumbini, wanne huku, watatu huku, hakuna anayesema. Nahodha alikuwa ameshika rula peke yake. Mtunzi alijifungia stoo, akakaa katikati ya magunia, akalia kwa sauti. Alikuwa anampenda mtu yule, na hilo ndilo lililokuwa linamkata maini.

Kesho yake, saa nane mchana, simu ikalia. Namba ngeni.

"Haloo?"

"Mimi ndiye mwenye rula," sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema.

Mtunzi akasimama bila kujua kwa nini anasimama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nasikia rula yangu imefukuzwa mashindanoni. Nimekaa nayo miaka thelathini kwenye ushonaji, haijawahi kufukuzwa mahali. Njoo uniambie imekosa nini."

"Mama, mimi sidhani kama..."

"Mwanangu hajanituma. Huyo amenuna, anasuka mota ile ile tangu jana. Njoo wewe."

Anakataaje? Akaenda, daftari kwenye mkoba, maneno yote ya kujitetea ameshayapanga.

Mlango ulikuwa wazi. Kitu cha kwanza alichokiona ni mstari ukutani. Ulianzia mlango wa chumbani, kimo cha kiuno, ukakata kona, ukapita sebuleni mpaka jikoni, rangi ya ukuta imelainika na kung'aa kwa kusuguliwa. Kisha akasikia, krrr, krrr, na mama mmoja mnene akatokea, gauni la maua lenye mifuko mikubwa, futi ya kupimia imening'inia shingoni, na mkononi ana rula ya mbao anayoiburuta juu ya ule mstari.

"Karibu. Usinishike mkono, utanipotezea hesabu." Akafika kwenye kiti, akaketi. "Hii ni mpya, bado sijaizoea. Ile ya zamani niliwapa wale wasichana. Walikuja hapa mwanzoni mwa muhula, wananifuata nyuma kama vifaranga, wanaandika. Mama unageukaje, Mama unajuaje kona. Nikawaambia, wanangu, hakuna uchawi. Mkono usiache ukuta, utafika tu."

Mtunzi akahesabu miezi.

Mwanzoni mwa muhula. Miezi miwili kabla hajalisahau daftari karakana. Na yale maneno, mbona anayajua? Akatoa daftari mkobani, akafungua ukurasa wa mtihani wa tano. Juu kabisa, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Mkono usiache ukuta.* Na pembeni, kidogo kidogo, kama alivyozoea kuandika kila wazo lilikotoka: *simu, Mama yake.* Aliandika akichekecha, vumbi machoni, nusu anasikiliza. Baadaye akayanakili kwenye kadi ya mtihani kwa kalamu nzuri, akayaona yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Mwizi alikuwa amevaa gauni la samawati.

"Mama," akasema, na machozi yakaanza. "Aliyeiba ni mimi."

"Umeiba nini?"

"Ukuta wako."

Yule mama alicheka mpaka akaegemea. "Mbona upo? Si huu nimeuegemea!" Kisha uso ukabadilika. "Lakini wale wasichana wamelia humu ndani, mmoja mmoja, nawasikia. Hilo silicheki. Na mwanangu hali chakula. Hilo pia silicheki."

"Nifanye nini, Mama?"

"Mimi ni fundi cherehani, sijui mambo ya Mirihi. Najua nguo ukiikata vibaya huwezi kuilaumu nguo. Unafumua." Akanyoosha mikono. "Njoo hapa nikushike mabega."

Mtunzi akapiga magoti. Vidole vikavuka toka bega hadi bega, shubiri moja, shubiri mbili na kidogo, vikatulia.

"Hm. Umejikunja sana," Mama akasema. "Inuka uende. Ofisi hazijafungwa."

Hazikuwa zimefungwa. Mtunzi aliweka daftari mbele ya Mwenyekiti, limefunuliwa ukurasa ule, akaeleza bila kujipendelea. Timu haikuiba kitu. Mtihani wa tano ufutwe, maana timu moja ina jibu lake bila kosa lolote. Ataandika mwingine kabla ya jua kuzama.

Mwenyekiti akavua miwani. "Na wewe?"

"Kosa niandikie mimi."

"Timu itarudi. Ila mwakani mitihani itatungwa na mtu mwingine."

"Najua," akasema. Ilimuuma. Miaka sita si mchezo.

Asubuhi, siku moja kabla ya mashindano, akaenda shuleni, akasimama mbele ya wasichana wanane waliokaa kwenye madawati, Fundi ameegemea fremu ya mlango, mikono kifuani. Akawaambia yote, na simu, na chekeche, na sahihi. Akawaambia samahani.

Nahodha akanyoosha mkono. "Mwalimu, si unasemaga hakuna kurudia?"

"Mirihi hakuna," Mtunzi akasema. "Sisi tuko duniani. Nimekuja kurudia."

Wasichana wakatazamana, mmoja akacheka, wengine wakafuata. Fundi hakucheka. "Ahsante, mwalimu," akasema, kwa adabu ile unayompa mkaguzi, na heshima hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Mashindano yakawa. Usidhani rula ilifanya maajabu. Mtihani mpya ulikuwa wa kufunga bomba linalovuja, rula haikugusa kitu siku nzima, na wasichana wakashika nafasi ya nne. Walishangilia kama wamefika Mirihi kwenyewe.

Jioni jua bado lipo, ukumbi umebaki mtupu, Mtunzi anakusanya unga wa matofali kwa koleo, mtandio amejifunga kiunoni. Akasikia magurudumu. Fundi alikuwa amekuja na mkokoteni kuchukua kigari.

Mtunzi akatoa kadi mfukoni, kadi ya mtihani kama zile nyingine, akampa. Fundi akasoma kwa sauti.

"Mtihani wa sita. Lengo: kumrudia Fundi. Vifaa: hakuna. Muda: wowote atakaotaka mwenyewe. Majaribio..." Akainua macho. "Hapa umeacha wazi."

"Hapo ujaze wewe."

"Uliniumiza," Fundi akasema. "Nataka ulijue hilo. Si kwa kunishuku, mtu anaweza kushuku. Kwa kutoniuliza."

"Najua. Nilikuja bombani na jibu mkononi. Nimeona haya mbele yako, nimeona haya mbele ya Mama, na bado nakupenda, na haya na mapenzi sijui niviweke wapi vyote viwili."

Fundi akaigeuza kadi, akaigeuza tena. Akauchomoa mkono mfukoni na penseli ya kuwekea alama nyaya, akaandika kitu, akampa. Mtunzi akasoma. Pale kwenye majaribio palikuwa na neno moja: *yatakayotosha.*

"Fundi wangu," akasema, akijifuta macho.

"Usilie, utafanya tope. Halafu kuna ujumbe. Mama anasema vipimo vya mabega anavyo, anataka kujua gauni alitie rangi gani. Hiyo hawezi kuipapasa."

"Gauni la nini?"

"Unamwuliza nani? Mimi kazi yangu mota." Lakini alikuwa hatazami mota yoyote, alikuwa anamtazama yeye, na masikio yamemwiva. "La harusi, mpenzi. Ikiwa utakubali. Nilitaka nikuulize vizuri zaidi, nimeshindwa."

"Nakubali," Mtunzi akasema haraka. "Mwambie samawati."

"Mwambie mwenyewe. Anakungoja."

Wakapakia kigari, na rula yake ubavuni. Nje ya ukumbi kulikuwa na mteremko wa kushushia mizigo, na Mtunzi, ndiye huyo huyo, akasimama akiupima kwa macho.

"Hizi ni nyuzi zaidi ya kumi na tisa," akasema. "Utaanguka."

"Kwa hiyo?"

Mtunzi akazunguka nyuma ya mkokoteni, akaishika kamba iliyofungwa kwake kwa mikono miwili, akakanyaga chini kwa nguvu.

"Shuka polepole. Nimekushikilia."

"Na ukiachia?"

"Siachii," akasema.

Wakashuka.